Ini la nani? Panya, seli, oganoidi, chipu au kompyuta: kuchagua njia ya kupima sumu ya ini

Mwanafunzi wa uzamili ana chupa ndogo ya dondoo la mzizi. Kwao kijijini mzizi huo huchemshwa na kunywewa kwa maumivu ya tumbo, na hakuna anayekumbuka ulianza kutumiwa lini. Yeye anataka kujua jambo moja: je, unaumiza ini? Msimamizi wake anamwambia aagize panya kama walivyofanya waliomtangulia. Kamati ya maadili inamrudishia andiko lake likiwa na swali pembeni: kwa nini wanyama? Naye jana usiku kasoma mahali kwamba Wamarekani wameshaachana na wanyama, sasa kila kitu ni chipu, yaani vipande vidogo vya plastiki vyenye seli hai ndani.

Wamarekani hawajaachana nao. Sheria iliyotiwa saini huko Desemba 2022 iliondoa sharti la kwamba dawa lazima ijaribiwe kwa wanyama kabla ya kupewa watu, ikaruhusu seli, chipu na kompyuta zihesabiwe kuwa ushahidi. Haikupiga marufuku panya hata mmoja. Aprili 2025 mamlaka yao ya dawa, FDA, ilitangaza mpango wa kupunguza wanyama hatua kwa hatua, ikianza na dawa za kingamwili. Kwa hiyo mlango umefunguliwa, lakini uchaguzi umebaki kwako, na kila njia ina mahali inapoona vizuri na mahali inapopofuka.

Nimechagua ini makusudi. Ni kiungo ambacho panya na binadamu hutofautiana kwa namna inayoua. Mwaka 1993 dawa ya fialuridini ilijaribiwa kwa wagonjwa 15 wa homa ya ini B huko Marekani. Ilikuwa imepita kwa wanyama. Wagonjwa saba ini zao zilifeli, watano wakafa, wawili wakaokolewa kwa kupandikizwa ini jingine. Mwaka 2000 watafiti wa kampuni za dawa walikusanya kumbukumbu za dawa 150 zilizowadhuru watu, wakaangalia kama wanyama walikuwa wametoa ishara. Wanyama wa aina zote kwa pamoja walitoa ishara kwa asilimia 71 ya madhara hayo. Panya na jamaa zake wakiwa peke yao: asilimia 43. Anayewatetea wanyama ataona 71, anayewapinga ataona 43, na wote wawili wanasoma jedwali lilelile.

Vigezo, na sumu moja ya kuwapimia wote

Kila njia nitaiuliza mambo manne. Inaona nini? Inadai nini, kwa maana ya vifaa, umeme, fedha na mikono iliyozoea? Nani atayakubali matokeo yake: kamati, mdhibiti, wahakiki wa jarida? Na inamfaa nani?

Ili swali la kwanza lisibaki hewani, nitatumia sumu moja tunayoijua kwa machungu: sumukuvu, yaani aflatoksini, sumu ya ukungu wa nafaka. Mwaka 2004 mahindi yaliyovunda yaliwapata watu wa Makueni, Kitui na majirani zao mashariki mwa Kenya. Wagonjwa 317, waliokufa 125. Sumukuvu ina tabia ya kinyonga. Ikiingia mwilini haijawa kali bado. Ni ini lenyewe, kwa vimeng'enya vyake vya kundi la sitokromu P450, linaloigeuza kuwa kitu kinachong'ang'ania DNA. Kwa hiyo njia yoyote isiyo na vimeng'enya hivyo inaweza kuitazama sumukuvu usoni na kusema haina neno. Mimea mingi yenye sumu ya ini, ikiwemo baadhi ya jamii ya marejea, hufanya kazi kwa hila hiyohiyo.

Panya

*Inaona nini.* Mwili mzima. Dawa inamezwa, inapita utumbo, inafika kwenye ini, inatoka kwa nyongo au mkojo. Utaona mnyama akikonda, akiacha kula, utapima damu yake na kukata ini lake chini ya hadubini baada ya siku 28 au 90. Hakuna sahani ya seli inayokonda. Na tuwe waadilifu: sumukuvu iligunduliwa kupitia wanyama, pale batamzinga zaidi ya laki moja walipokufa Uingereza mwaka 1960 baada ya kulishwa mashudu ya karanga yaliyoota ukungu.

Lakini waweke panya wawili mbele ya sumukuvu hiyohiyo. Panya mkubwa wa maabara hupata saratani ya ini hata akilishwa kiasi kidogo mno cha sumu hiyo. Panya mdogo mweupe aliyekomaa, yule anayependwa na tasnifu nyingi kwa sababu ni rahisi na hula kidogo, ana kimeng'enya kinachoifuta sumu hiyo haraka, hata anavumilia dozi ambazo zingemmaliza mwenzake. Ungekuwa na panya mdogo peke yake, ungeandika hitimisho la kutuliza watu. Tena hakuna kati yao anayeambukizwa homa ya ini B, ilhali kwa binadamu virusi hivyo na sumukuvu hushirikiana kuharibu.

*Inadai nini.* Banda, chakula, mhudumu, daktari wa mifugo, kibali. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360. Vitu hivi vyuo vyetu vingi tayari wanavyo, na hiyo ndiyo nguvu ya panya hapa kwetu: umeme ukikatika Jumamosi, panya hafi.

*Nani atayakubali.* Karibu kila mtu, kwa mazoea. Ila nina ugomvi na jambo moja. Bado naona maandiko ya wanafunzi yanayotaka kutafuta LD50 kwa mtindo wa zamani, kuua makundi kwa makundi mpaka nusu wafe. Mwongozo namba 401 wa OECD, shirika la kimataifa la uchumi linalotoa miongozo ya kupima kemikali, uliokuwa msingi wa mtindo huo, ulifutwa mwaka 2002. Iliyobaki, 420, 423 na 425, hutumia wanyama wachache sana. Kama kamati imekurudishia andiko kwa hilo, kamati iko sahihi.

*Inamfaa nani.* Anayehitaji kuona mwili mzima kwa muda mrefu, au anayeandaa faili la mdhibiti ambaye bado anadai data za wanyama.

Seli bapa kwenye sahani

Hapa kuna familia mbili zinazochanganywa kila siku, na tofauti yao ndiyo inayoamua utafiti wako.

Ya kwanza ni seli za saratani zisizokufa, na maarufu kuliko zote ni HepG2, zilizotoka kwenye uvimbe wa ini wa kijana wa miaka 15 kutoka Argentina miaka ya 1970. Zimeenea dunia nzima. Hukua bila kuchoka.

*Inaona nini.* Sumu inayoua moja kwa moja, huiona vizuri. Sumu inayosubiri kugeuzwa na ini, huiona kwa shida, kwa sababu HepG2 zimepoteza sehemu kubwa ya vimeng'enya vya P450. Zipe sumukuvu, zitahitaji kiasi kikubwa kuliko ini halisi ndipo zianze kulalamika. Mwanafunzi akiandika "dondoo ni salama kwa seli za ini" kwa kutegemea HepG2 tupu, ameandika zaidi ya alichokiona. Dawa ya tatizo hili ipo. Kuna seli za HepaRG zenye vimeng'enya zaidi, na kuna S9, yaani uji wa ini lililosagwa na kusafishwa, unaoongezwa kwenye sahani ili ufanye kazi ya kugeuza. Agiza S9 ya binadamu. Ile ya kawaida hutoka kwa panya, na ukiitumia utakuwa umemrudisha panya kwa mlango wa nyuma.

Familia ya pili ni seli halisi za ini la binadamu, zinazotolewa kwenye ini lililochangwa lakini halikufaa kupandikizwa. Hizi zina vimeng'enya kamili, sumukuvu haizipiti. Tatizo lake ni kwamba zikilazwa kwenye sahani bapa huanza kusahau kazi ya ini ndani ya siku chache. Ni jicho kali linalofumba mapema.

*Inadai nini.* Inkubeta yenye kaboni dioksaidi, kabati la usalama wa kibiolojia, naitrojeni kimiminika ya kuhifadhia, na umeme usiokatika. Nimeona kazi ya miezi minne ikiharibika kwa sababu jenereta haikuwaka wikendi moja na hakuna aliyekuwa na ufunguo. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ya seli, uliza nani anashika ufunguo wa jenereta. Inahitaji pia mikono safi, maana vijidudu vya mikoplasma huingia kimya na kupotosha majibu bila kuichafua sahani machoni. Na zithibitishe seli zako kwa kipimo cha vinasaba. Kwa miaka mingi watu walichapisha utafiti wa ini wakitumia seli zilizoitwa Chang liver, kumbe ni HeLa, seli za saratani ya shingo ya kizazi.

Hapa pia pana jambo ambalo matangazo hayalisemi. Chakula cha kawaida cha seli hizi ni seramu inayotolewa kwenye damu ya ndama aliye tumboni, ng'ombe mjamzito akichinjwa. Kama sababu yako ya kumkimbia panya ni huruma, basi andika kwenye bajeti chakula kisicho na seramu, na muda wa kuzizoeza seli zako nacho.

*Nani atayakubali.* Majarida, bila wasiwasi, kama hatua ya kwanza. Mdhibiti ataipokea kama ushahidi wa nyongeza. OECD yenyewe, kwa mwongozo wa 2010, inaruhusu majibu ya seli yatumike kukadiria dozi ya kuanzia kwa wanyama, na hilo peke yake hupunguza idadi yao.

*Inamfaa nani.* Mwenye dondoo nyingi na fedha chache, anayetaka kujua ipi iachwe mapema.

Oganoidi

Ni vipande vidogo vya tishu vinavyokua vyenyewe kutokana na seli shina, vikijipanga kwa umbo linalofanana na kiungo. Maabara ya Hans Clevers huko Uholanzi ilikuza za utumbo wa panya mwaka 2009, na za ini la binadamu zikafuata mwaka 2015.

*Inaona nini.* Utofauti wa watu. Unaweza kukuza ini dogo la mtu huyu na la yule, ukaona dawa ileile inamdhuru mmoja na kumwacha mwingine. Kwa Afrika hili si pambo: sisi ndio wenye utofauti mkubwa kuliko wote wa vinasaba, na dawa nyingi tunazomeza hazikujaribiwa kwa watu wa huku. Upungufu wake ni ukomavu. Oganoidi nyingi hubaki na tabia za ini la mtoto aliye tumboni, vimeng'enya vikiwa nusu nusu, kwa hiyo jibu lake kuhusu sumukuvu litategemea ulizikomaza kiasi gani. Pima vimeng'enya kwanza.

*Inadai nini.* Kila kilichotajwa kwenye seli, halafu ongeza viambata vya ukuaji vya bei mbaya na subira ya wiki nyingi. Jeli inayozishikilia, Matrigel, hutengenezwa kwa uvimbe wa panya. Ndiyo, tena panya. Jeli za kutengenezwa kiwandani zipo, lakini hazijafika kila mahali.

*Nani atayakubali.* Wahakiki wa majarida wanazipenda. Mdhibiti bado anauliza kama oganoidi zako za Januari zitatoa jibu moja na zile za Juni, na ni swali la haki.

*Inamfaa nani.* Mwenye swali la "kwa nini fulani na si fulani", mwenye mshirika aliyekwisha kuzizoea.

Ini kwenye chipu

Kipande cha plastiki chepesi ukubwa wa kidole, chenye mifereji midogo ambamo seli za ini na wenzake hukaa huku chakula kikipita kama damu. Mapafu kwenye chipu ya Harvard, mwaka 2010, ndiyo yaliyoifungulia dunia macho.

*Inaona nini.* Mtiririko unazifanya seli halisi za ini zikae hai na zikumbuke kazi yake kwa wiki kadhaa badala ya siku chache, na ndiyo maana chipu huona sumu zinazochelewa. Desemba 2022 kampuni ya Emulate ilichapisha jaribio la chipu 870 na dawa 27. Ilizinasa asilimia 87 ya dawa zilizokuwa zimeumiza maini ya wagonjwa, na haikuisingizia dawa salama hata moja. Ni tarakimu za kuheshimiwa, japo dawa 27 ni chache na waliopima ndio wanaouza. Sumukuvu, chipu yenye seli halisi ina vyote vya kuikamata kama sumu. Saratani inayochukua miaka, hapana.

*Inadai nini.* Mashine ya kusukuma maji, chipu zisizorudiwa, seli za mchangiaji zinazosafirishwa kwenye baridi kali kupita forodha, na fundi. Plastiki ya chipu nyingi hunyonya dawa zinazopenda mafuta. Unadhani seli zimepata dozi, kumbe imeishia ukutani. Dondoo za mimea zimejaa vitu vya namna hiyo, kwa hiyo pima kilichotoka upande wa pili.

*Nani atayakubali.* FDA iliipokea chipu ya ini ya Emulate kwenye mpango wake wa kuzipima zana mpya mwaka 2024. Kuipokea kuipima ni tofauti na kuipitisha.

*Inamfaa nani.* Dawa moja au mbili zilizokaribia kupewa watu, na mfuko unaoruhusu. Kwa kuchuja dondoo arobaini, ni kukata kitunguu kwa msumeno.

Kompyuta

*Inaona nini.* Umbo la molekuli. Unaipa muundo, inalinganisha na maelfu ya kemikali zinazojulikana. Sumukuvu itaibaini kwa sekunde, lakini usishangilie: inaijua kwa sababu sisi tuliijua kwanza. Dondoo lako ambalo hujui lina nini ndani, kompyuta haina cha kusoma. Itabidi utenganishe viambato kwanza. Na tazama ilisomeshwa wapi. Programu ya ProTox ya Berlin, inayotumiwa bure na wanafunzi wengi, hukadiria LD50 kwa kujifunza kutoka data za panya. Jibu lake ni panya wa karatasi.

*Inadai nini.* Intaneti, kompyuta ya kawaida, na mtu anayejua kemia ya kutosha kulitilia shaka jibu.

*Nani atayakubali.* Kwa jambo moja imeshinda kabisa: tangu 2014 mwongozo wa kimataifa wa ICH M7 unakubali programu mbili za aina tofauti zitumike kuamua kama uchafu fulani ndani ya dawa unaweza kubadili DNA, bila mnyama. Kwa sumu ya ini bado ni mshauri tu.

*Inamfaa nani.* Kila mtu, kama hatua ya kwanza. Kama hatua ya mwisho, haimfai yeyote.

Njia inayosahauliwa: watu wenyewe

Kama mzizi tayari unanywewa na mamia ya watu, basi ini la binadamu lipo mbele yako. Kwa kibali cha kamati na ridhaa yao, unaweza kupima ALT, AST na bilirubini, vipimo vya damu vinavyoonyesha ini likiumia, kwa wanaotumia na wasiotumia, kwa mashine iliyopo hospitali ya wilaya. Wachunguzi wa mlipuko wa 2004 walifanya hivyo kwa sumukuvu: walipima iliyoshikamana na albumini, protini ya damu, wakakuta pia kwamba wagonjwa walikuwa na homa ya ini B zaidi kuliko majirani zao wazima. Panya hangewaambia hilo. Udhaifu wake unajulikana: watu hunywa pombe, hunywa dawa nyingine, hawasemi yote. Na haifai hata kidogo kwa kitu kipya ambacho hakuna aliyewahi kukinywa.

Kwa hali yako

Una mwaka mmoja, bajeti ya tasnifu na dondoo kadhaa: tenganisha viambato vikuu, pitisha kompyutani, kisha HepG2 zenye S9 ya binadamu. Andika waziwazi kwamba umepima sumu ya haraka tu. Tasnifu haianguki kwa kusema hivyo.

Chuo chako hakina inkubeta ya kutegemewa lakini kina banda zuri la panya: usijilazimishe seli zitakazokufa kila mwezi ili uonekane wa kisasa. Tumia mwongozo wa 423 au 425, chagua panya mkubwa badala ya mdogo kama unahisi sumu inayogeuzwa na ini, na tuma sehemu ya dondoo kwa mshirika mwenye seli halisi za binadamu.

Mmea unatumiwa na watu wengi na kuna tetesi za watu kugeuka macho kuwa ya manjano: anza na damu za watumiaji kabla ya maabara yoyote.

Unashuku dawa inawadhuru baadhi ya watu tu, labda kwa vinasaba vyao: tafuta mshirika wa oganoidi, na uandike kwenye mkataba mapema kwamba seli za wachangiaji wa huku zihifadhiwe na huku pia.

Uko kiwandani na kiambato kimoja safi unachotaka kupeleka kwenye majaribio ya watu: kabla ya kununua chipu wala panya, andika barua kwa mdhibiti, awe TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, au Bodi ya Dawa na Sumu ya Kenya, uulize atakubali ushahidi upi kwa kiambato hicho. Omba jibu kwa maandishi.

Na kama wewe ndiye unayekaa kwenye kamati ya maadili, unapouliza "kwa nini wanyama?", mwachie mwombaji nafasi ya kujibu kwa vigezo hivi vinne, na umuulize swali hilohilo anayekuja na seli: kwa nini seli hizi, na chakula chake ni nini?